Mume Wangu wa Kwanza na Vichwa vya Sambaza

Mume wangu wa kwanza hakuwa na mwili. Mengine yote alikuwa nayo: adabu, kofia, viatu vya kwenda misa, na wivu kidogo. Niliolewa naye kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kama kuna dada anayesoma hapa na kulalamika kwamba mchumba wake hajibu ujumbe, anisogelee nimfundishe uvumilivu. Wangu hakujibu hata nilipomkalia.

Jina lake silitaji. Alikuwa mtu wa haya, na huenda bado yupo mahali fulani.

Alifika mwaka kaka yangu alipoanza shule. Asubuhi hiyo kaka alivaa shati jeupe na suruali ya bluu, akanitolea ulimi mlangoni, akashuka mteremko. Mimi nikabaki na maman na kuku. Kuku hawajui kucheza. Maman alikuwa na ndoo, na makaa ya kuwasha, na majani ya muhogo, sombe, ya kutwanga. Basi nikajitengenezea mtu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nyumbani walimpokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Papa yangu ni mtu wa kufuata taratibu. Akitoka kazini alinisalimu mimi kwanza, kisha akavua kofia na kusalimu hewa iliyokuwa pembeni yangu.

"Na Monsieur, ameshinda salama?"

"Ameshinda," nilijibu, "lakini tonton alimukalia."

Tonton, mdogo wake papa, kweli alikuwa kwenye kiti cha mume wangu. Ilibidi asimame na kuomba pardon. Mtu mzima, na masharubu yake, anaomba pardon kwa kiti.

Dot, ile sherehe ya mahari, tuliifanya uani. Nilijifunika rido, pazia la sebuleni. Ukoo wa mume wangu ulifika wote, na wote walikuwa wa namna yake, kwa hiyo msemaji wao nikawa mimi. Ng'ombe hawakuweza kuleta, njia ilikuwa mbaya. Walileta mbegu ya avoka. Papa aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akatafuta meno yake kama wanavyofanya wazee kwenye soko la ng'ombe.

"Huyu ng'ombe amekonda," alisema. "Lakini tunapokea, juu mutoto anapenda."

Hata parokiani nilimpeleka. Katekista alipotufundisha kwamba Mungu haonekani lakini yuko, niliinua mkono na kusema, "Hata bwana yangu." Nilikaa nje mpaka somo likaisha. Sikukaa peke yangu, ni wazi.

Sasa nieleze sahani, maana bila sahani hakuna habari.

Maman ametoka Nyangezi, na alikuja mjini na desturi ya mama yake: chungu hakikombwi. Kabla mtu yeyote hajaonja, anatenga sahani moja ya mtu ambaye hajafika. Nani? Hajulikani. Yeyote anayeweza kufika: ndugu wa kijijini, jirani, mpita njia. Asipofika mtu, chakula kinaliwa jioni na hakuna aliyepata hasara. Mimi niliona ni ajabu kumwekea chakula mtu asiyejulikana wakati kuna mkwe anayejulikana kabisa.

"Haya," maman alisema. "Atakulia wapi?"

"Ku dirisha ya jiko."

"Juu ya nini ku dirisha?"

"Mukwe hakulake mbele ya mama-mukwe. Anasikia haya."

Maman alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Hiyo sheria ya wakwe ilikuwa yake, nilimsikia akiwaambia wanawake wenzake. Akaweka sahani dirishani.

Asiyejua Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, anisikilize kidogo. Kwetu nyumba hazikai kando kwa kando. Zinakaa moja juu ya nyingine, kama watu waliosimama kwenye ngazi wapigwe picha. Uwanja wetu uko sawa na paa la jirani wa chini. Ukitema mate bila kufikiri, umemtemea mtu kwenye mabati. Dirisha la jiko letu linaangalia mabati hayo, na kuku wetu walikuwa wakienda kutaga huko, jambo lililoleta kesi nyingi za mayai.

Basi tulikula sebuleni, bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Katikati ya chakula nikasikia huko nyuma: tak, tak, tak, juu ya mabati.

"Amefika," nikasema.

"Ni kunguru," kaka akasema.

Tulipomaliza nilikimbilia dirishani. Sahani ilikuwa nyeupe. Bugali hakuna, mboga ya lengalenga hakuna, samaki hakuna. Vilibaki vichwa tu vya sambaza, vimepangwa ukingoni mwa sahani, vyote vikitazama upande mmoja, kama wanafunzi wanaoimbia bendera. Nilivila palepale. Napenda vichwa vya sambaza kuliko bonbon. Mezani nilikuwa ninalilia vya kila mtu, "Vichwa ni vyangu! Vichwa ni vyangu!", na majirani wa juu na wa chini walijua saa yetu ya kula kwa kelele hizo.

Ikawa hivyo kila siku. Kaka, ambaye shule ilikuwa imeanza kumharibu, alitaka maelezo. Kwanza alisema ni paka. Lakini paka gani anaacha kichwa cha samaki na kula lengalenga? Kisha alisema ni mimi. Lakini mimi nilikuwa mbele yake, nikimwibia samaki wake. Maman hakuingia katika mjadala huo. Nilichoona ni kwamba sahani ilikuwa inaongezeka, bugali likiwa kubwa kuliko la kaka. Nikajiambia: maman anampenda mkwe wake.

Halafu, kiangazi kimoja, mabati hayakulia. Nilikwenda dirishani nikakuta sahani imejaa na nzi wamekaa kama waalikwa. Kesho yake pia. Siku iliyofuata maman alisimama pale muda mrefu, akiangalia paa la chini. Nilimshika nguo.

"Ameniacha," nikasema.

"Ameenda," alisema maman.

"Na juu ya nini hakuaga?"

"Watoto hawaagake. Ni wakubwa njo wanaamua."

Nilidhani huzuni imemchanganya akili, maana mume wangu hakuwa mtoto, alikuwa na kofia. Nililia mpaka homa. Papa alikuja kukaa kitandani kwangu, akaleta ile mbegu ya avoka, akasema kwa sauti ya baraza kwamba mwenye kosa ni mume, kwa hiyo ng'ombe harudishwi. Sikucheka. Nilitaka tu kujua nilimkosea nini.

Hayo ni ya zamani. Sasa niko mwaka wa tano wa humanités, sekondari yetu, na mdomo wangu umekua kuliko mimi mwenyewe. Prof wetu wa Kifaransa ana kipaji cha kuchelewa. Wakati tunamngoja, darasa ni langu. Nasimama mbele ya ubao na kusimulia roman, hadithi ndefu ya kubuni, kwa mdomo, kipande kwa kipande. Ni roman ya mapenzi, nyepesi, haina mtu anayekufa. Kuna msichana wa Kadutu, mrembo sana (sijui mfano wake nilimtoa wapi), ambaye mume wake wa utotoni, yule asiyeonekana, anarudi siku moja akiwa na mwili. Anashuka mteremko wakati wa mvua na viatu vyeupe vya basket miguuni, na tope halimgusi.

"Uongo!" wavulana wanapiga kelele. "Kadutu gani iyo?"

"Ni mapenzi, nyamazeni."

"Akamubusu?" wasichana wanauliza.

"Mungojee. Mwili ni mupya, mudomo haujakauka."

Mwaka huu tulipata mvulana mgeni. Alitoka Kalehe kuja kumalizia shule, anakaa kwa tonton yake. Anasema kidogo. Akicheka, sauti haitoki. Mabega tu ndiyo yanaruka. Mabega hayo yaliniharibia kazi. Nilianza kusimulia kwa ajili yake tu, nikiangalia kama yameruka. Mume wa roman, ambaye mwanzoni alikuwa mfupi na tumbo, akaanza kurefuka. Akapata mwanya katikati ya meno. Ghafla akawa hodari wa hesabu, bila sababu yoyote ya kimapenzi.

Jirani yangu wa benchi alinigusa kwa kiwiko.

"Weye, bwana yako wa mu roman anaanza kufanana na mutu."

"Na nani?"

"Na ule mwenye iko anakuangalia."

Nilimwambia afunge mdomo, nikafurahi wiki nzima.

Siku moja akili ilikauka, nikakosa cha kusimulia. Basi nikaingiza ukweli: sahani, dirisha, tak tak kwenye mabati, vichwa mstarini. Darasa lilianguka kwa kicheko. Mmoja akauliza, "Sasa ni nani alikuwa anakula?"

Darasa likicheka, akili yangu inachukua konje, likizo kabisa. Nikajibu bila kufikiri: "Mwizi! Kamwizi kamoja ka njaa! Lundi tunamukamata. Tunaweka pilipili mu samaki, tunasikiliza ni nani analia!"

Walipiga meza. Nikatafuta mabega yangu. Yalikuwa yametulia. Alikuwa anaangalia mikono yake, iliyokuwa juu ya benchi, kama mtu aliyeokota kitu na hajui arudishe wapi.

Kesho yake alihamia benchi la nyuma. Nilimtupia utani, ule mzuri ninaouweka kwa sikukuu. Hakuna. Nilimuiga prof wa jiografia akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Hakuna. Ndipo nilipogundua kwamba, kati ya watu wote wanaocheka kwa ajili yangu, nilikuwa nahitaji mmoja, na huyo nilikuwa nimempoteza, na sikujua nimemkosea nini. Hilo swali nililijua. Nilishawahi kulilia.

Kisha tukafanya interro, jaribio la hesabu. Papa alichukua karatasi yangu, akaigeuzageuza.

"Hii imekonda," alisema. "Na hii sipokee."

Akaamuru nitafute mtu anayejua, nimlete nyumbani, mezani, mahali anapomwona. Hata kama ni mvulana, lakini mbele ya macho yake. Aliyejua hesabu kuliko wote ni nani? Nilimkuta kwenye ngazi za shule.

"Mu kwenu?" alisema. "Hapana."

"Juu ya nini?"

Akaanza kushuka ngazi. Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya: nikaomba bila kuweka utani. "Tafazali. Nitaanguka mwaka."

Akageuka, akasema, "Siku ya posho."

"Nikuelezee njia?"

"Naijua."

"Nani alikuonyesha?"

"Kadutu haiko Ulaya," alisema, akaenda zake.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Alifika na tope mpaka magotini. Maman alitoka jikoni akijifuta mikono, akamtazama kuliko adabu inavyoruhusu.

"Unatoka wapi, papa?" Kwetu hata kijana anaitwa papa, kwa heshima.

"Kalehe, maman."

"Na mbele ya Kalehe?"

"Tulikaliaka hapa Bukavu. Kidogo."

"Ah," alisema maman, akarudi jikoni. Baada ya muda harufu ya sambaza ikaingia sebuleni na kukaa nasi mezani, kati yangu na hesabu.

Alifundisha vizuri, kwa sauti ya chini, papa akiwa kwenye kiti chake anajifanya anasikiliza redio. Chakula kilipofika, mgeni alifunga daftari na kusimama.

"Mimi nishashiba, maman. Aksanti."

"Mu hii nyumba," alisema maman, "hakuna mutu anashiba mbele sijamupa."

Akakaa. Tulikuwa watano: papa, maman, kaka, mimi na yeye. Alikula ameinamisha kichwa, kwa heshima. Nilikuwa natafuta utani mdogo wa kumfungua moyo, macho yangu yakaanguka kwenye sahani yake.

Vichwa. Ukingoni. Mstari mmoja, vyote vikitazama upande mmoja.

Nilisikia mabati: tak, tak, tak.

Na utani ukanijia mzima, umeoga, umevaa, umepaka mafuta. *Papa, simama umusalimie mukwe yako, amepata mwili!* Sijawahi kupewa utani mkubwa kama huo, na sidhani nitapewa mwingine. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Lakini kaka alinitangulia.

"Eh! Weye haukulake vichwa? Kama ule wa dirisha! Munakumbuka ule wa ku dirisha?"

Mkono wa mgeni ukasimama. Akaona alichokipanga mwenyewe bila kujua. Akaanza kuvisukuma vile vichwa kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kuvificha chini ya bugali. Huo ndio mkono aliokuwa anauangalia siku ile darasani. Na sauti yangu mwenyewe ikanirudia masikioni: *kamwizi kamoja ka njaa*.

Nikajua kitakachotokea. Nikisema utani wangu, kila mtu atacheka, naye atacheka kidogo kwa adabu. Atamaliza hesabu. Atasema aksanti maman, atashuka mteremko, na sahani yake itabaki imejaa kwa mara ya pili.

Niliumeza. Ulishuka kama mwiba wa samaki, ukikwaruza njia nzima. Kisha nikachukua sambaza wangu, nikamvunja kichwa, nikakiweka ukingoni. Nikachukua mwingine.

"Vichwa havikuliwe," nikasema. "Prof wa biolojia alitukataza."

"Weye?" kaka alishangaa. "Weye mwenye ulikuwa unalilia vichwa mupaka majirani wanafunga madirisha?"

"Nimekomaa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu sasa. Kula, uache watu."

Maman, ambaye hajawahi kutupa hata mkia wa samaki tangu azaliwe, alichukua sambaza, akamvunja kichwa, akakiweka ukingoni mwa sahani yake. Akaweka cha pili. Cha tatu. Mstari mmoja, vikitazama upande mmoja. Hakumwangalia mtu.

Papa alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mgeni. Nimesema ni mtu wa taratibu. Nyumba nzima ikitoa vichwa, basi kuna sheria ambayo hakuelezwa. Alivuta pumzi, akatoa vya kwake. Kaka alibaki anatafuna peke yake, kama mtu aliyesimama kanisani wakati wote wamepiga magoti.

Mabega ya mgeni yakaruka. Kidogo tu, lakini niliyaona.

Alipoondoka nilibaki jikoni na maman, tunaosha vyombo.

"Maman, ulikuwa unajua."

"Nini?"

"Ni nani alikuwa anakula."

Alisugua sufuria kwanza. "Uliwaza niko nalisha upepo? Bugali yangu, sambaza yangu?" Akacheka. "Siku ya kwanza niliona kamukono. Kadogo kuliko kako. Kule chini, mbele wahamie Kalehe, walikuwa wanapika siku moja, ingine hapana. Na mama yake alikuwa mutu wa fierte, hapende kusaidiwa: ningemupelekea sahani, angenirudishia imejaa. Lakini bwana yako, yeye hakuwa na fierte. Njo nikapitishia kwa yeye."

"Na mimi nililia!"

"Ata mimi," alisema. Akanipa sufuria nisuuze. "Usimuambie kama nilijua."

"Anajua. Aliona vichwa vyako."

"Basi tunajua wote. Lakini hakuna mutu alisema." Kwake hiyo ni tofauti kubwa sana, na sasa nadhani ana haki.

Lundi, Jumatatu hiyo, darasa lilikuwa limejaa kabla ya kengele. "Pilipili! Pilipili!" Walikuwa wamekuja kumsikia mwizi analia. Yeye alikuwa kwenye benchi la nyuma, anaangalia dirisha. Nikasimama mbele ya ubao.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Niliwadanganya."

"Aaaah!"

"Ni bwana mwenyewe. Sahani ilikuwa ya nani? Yake. Mu nyumba ya nani? Ya mama-mukwe wake. Mutu anaibaka chakula yake mwenyewe?"

"Lakini hana mwili!"

"Alikuwa nao. Ni mimi sikuangalia muzuri."

Walinizomea. Kipande cha chaki kilipita juu ya kichwa changu. Walisema roman imeoza, imekosa hata mtu mmoja wa kukamatwa. Katikati ya kelele hizo, kutoka nyuma, ikaja sauti ya mtu ambaye huwa haulizi maswali.

"Na vichwa? Juu ya nini alikuwa anaviacha?"

Darasa zima liligeuka. Nikafungua mdomo, nikakuta hakuna kitu ndani. Mimi!

"Sijue," nikasema. "Iyo roman haisemi."

"Pengine alikuwa anasikia," alisema, "mu iyo nyumba kuko mutu analilia vichwa."

Mabega yaliruka. Darasa likasema "Oooooh!" ingawa halikuelewa chochote, maana kwetu mvulana akimjibu msichana mbele ya watu, hiyo ni lazima. Prof akaingia wakati huohuo na kuuliza kwa nini nimesimama, nikakimbilia benchi langu.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na tope lake. Maman hakumuuliza kama ameshiba. Tulipokaa kula, alivunja vichwa vya sambaza wake, lakini hakuvipanga ukingoni. Alivichukua, akaviweka kwenye sahani yangu, kama mtu anayeendelea na kazi aliyoiacha jana. Nikavila.

Papa alikuwa ameshamvunja kichwa samaki wake wa kwanza, amekishika hewani.

"Sasa hii sheria ya vichwa," aliuliza, "imeisha ao inaendelea?"

"Imeisha, papa," nikasema. "Kula."

Akakitia mdomoni haraka, kabla hatujabadilisha tena.